Mke wa Kudhaniwa

Nilifunga ndoa kanisani, Uru, mwaka ule sabuni iliporudi madukani. Wenye umri wangu wanajua ni wakati gani. Kabla ya hapo tulipanga foleni kwa ajili ya khanga moja, halafu, karibu kwa ghafla, maduka ya Moshi yakajaa vitambaa, na gauni langu la harusi likashonwa kwa kitambaa kipya kilichoingia kutoka Kenya, kinachong'aa hata kivulini. Mimi ni mtu wa Marangu. Wazee wa ukoo wa mume wangu walikuja kwa baba yangu mara nyingi, wakaleta mbege, ile pombe yetu ya ndizi, wakaleta mbuzi, wakaleta ng'ombe, hawakuruka hatua hata moja. Padri akatutangaza kanisani kama inavyotakiwa. Nilipovalishwa pete nilikuwa nimeolewa kwa mila na kwa dini, na juu ya hayo cheti cha serikali. Niliamini Uru nzima hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri kuliko mimi.

Mume wangu ni kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo nilihamia kwenye kihamba cha baba mkwe, marehemu tayari, na nyumba ya mama mkwe, ambaye alikuwa hai kwelikweli. Kihamba chetu ni kama vihamba vingine vya mlimani: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kandokando ya mfereji, na makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba. Kahawa ilikuwa ya mume wangu. Mimi niliipogolea, niliichuma, niliimenya na kuianika, yeye akaipeleka chama cha msingi cha ushirika na kupokea malipo. Sikuona ubaya. Mama yangu aliishi hivyo, na bibi yangu aliishi hivyo, ila bibi yangu aliingia kwa mume wake amebebwa mgongoni, kwa desturi ya zamani, na hakuulizwa na padri wala na serikali kama amekubali. Bibi alikuwa akituambia kwamba mali ya mwanamke ni ile anayoweza kuigawa bila kuomba ruhusa, na kwake ilikuwa ndizi, maziwa na vyungu vyake. Tulikuwa tukimcheka.

Mume wangu alikuwa na kaka yake mmoja tu, mkubwa wake, fundi wa magari aliyekaa mjini, Pasua. Huyo shemeji yangu alikuwa anaishi na mwanamke ambaye hakumwoa. Mwanamke mwenyewe hakuwa wa mlimani. Wazazi wake walitoka Singida, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, yeye akakulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Kwetu mtu wa namna hiyo huitwa chasaka, mtu wa porini. Hakuna mbege iliyopelekwa kwao, hakuna mbuzi. Alikuwa akiuza chakula karibu na karakana ya shemeji, wakazoeana, akahamia kwake na sufuria zake.

Mara ya kwanza nilipomwona ilikuwa Krismasi, maana Krismasi kila mtu wa mlimani lazima arudi nyumbani. Walikuja na pikapu ya shemeji. Yeye alikaa mbele. Nilikuwa nimeinama jikoni, uso umejaa moshi, nakoroga mtori wa ndizi na nyama wa watu wote, nikamwona anateremka na mkoba mweusi wa ngozi na viatu vilivyofungwa kwa mkanda, anainua gauni lake kidogo lisiguse matope. Alimsalimia mama mkwe shikamoo, akanigeukia, akaniambia, "Hujambo, mdogo wangu."

Mdogo wangu. Kwa umri tulilingana, pengine nilimzidi. Lakini yule alikuwa mwanamke wa kaka mkubwa, na kwa hesabu hiyo alijiweka juu yangu, bila pete wala mbuzi. Nikaitika kwa mdomo. Moyoni nilisema kwamba hawara hana mdogo wala mkubwa.

Siku hiyo, mbuzi alipochinjwa na nyama kugawanywa, fungu la wake wa ukoo lililetwa kwangu na mama mkwe. Yeye alipewa kutoka kwenye sahani ya wageni. Nilikula taratibu nikimtazama. Ningependa kusema kwamba nilitosheka, lakini kila Krismasi walipokuja alikuwa na jambo la kunichoma, na hakuwa na habari kwamba ananichoma. Alikuwa akisimulia mambo ya nyumba yao. "Tumepaua," alisema mwaka mmoja. Mwaka mwingine, "Tumeingiza umeme." Kisha wakaongeza banda la vyumba vya nyuma, ili wapangishe, na pesa ya matofali ilikuwa ya chakula alichouza yeye, shemeji mwenyewe alisema hivyo mbele ya watu, kwa majivuno. Nilisikiliza lile neno, tume, tume, tume. Mimi sikuwahi kulitumia kwa kitu chochote kisichokuwa ugonjwa wa mtoto au msiba. Nyumba ilikuwa ya mama. Kihamba kilikuwa cha ukoo. Kahawa ilikuwa ya mume wangu. Hata ng'ombe niliyemkatia majani kila siku aliitwa ng'ombe wa mama mkwe.

Jambo lililoniuma zaidi ni watoto wangu. Walimpenda. Aliwaletea peremende na maandazi ya mjini, akawasuka wasichana nywele, akawa anawaita kwa majina ya kuwadekeza ambayo sikuyabuni mimi. Wao walimwita mama mkubwa. Niliwakataza. Niliwaambia mama mkubwa ni yule aliyeolewa. Walinijibu ndiyo mama, na pikapu ilipolia tena barabarani walikimbia wakipiga kelele, mama mkubwa amekuja.

Miaka ikaenda. Mwanzoni mwa miaka ya tisini shemeji alianza kupata kazi nyingi, magari ya mitumba yalikuwa yakiingia kila siku, na mwanamume mwenye kazi nyingi huonekana mrefu kuliko alivyo. Akampata binti wa Kibosho, mwalimu, mdogo sana kwake. Huyo hakutaka kuwa mwanamke wa kukaa tu. Alitaka kanisa. Shemeji akaenda kwa padri, akaulizwa kama ana mke, akasema hana, na kwa vitabu vya kanisa alikuwa akisema kweli.

Yule mwanamke alikuwa sokoni. Aliporudi adhuhuri alikuta kufuli jipya mlangoni, na sufuria zake, godoro na mkoba wake vimepangwa ukutani nje, vizuri kabisa, kama vya mtu anayesafiri. Jirani alimwambia kwamba mwenye nyumba amesema nguo nyingine atazituma. Habari hii ilitufikia Uru kabla jua halijazama. Mama mkwe alisema tu kwamba mbuzi sasa watapelekwa mahali pa haki. Na mimi, nikiwa nakata majani ya ng'ombe, niliona mwili umekuwa mwepesi. Nilijua hakutakuwa tena na "tumepaua".

Lakini hakwenda kwao Singida, wala kwenye mashamba ya miwa. Alikwenda baraza la usuluhishi la kata, na usuluhishi uliposhindikana akafungua shauri mahakama ya mwanzo, anadai talaka na sehemu yake ya nyumba. Mlimani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Anadai talaka ya ndoa gani? Shemeji naye alicheka, ila alikuja Uru Jumapili hiyo hiyo, na hakuja na pikapu imejaa watu kama kawaida yake, alikuja peke yake.

Walikaa barazani, yeye, mume wangu na mama mkwe, wakaniita. Shemeji alieleza kwamba mahakamani inatakiwa kuonyesha kuwa ukoo haukumtambua yule kama mke. Mama alikuwa na miguu mibovu, asingeweza kushuka. Mume wangu hakupenda kusimama mbele ya watu. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana kwamba shahidi ni mimi.

"Wewe ndiye mwenye ndoa," shemeji aliniambia. "Hakimu akikuona wewe na pete yako, ataona tofauti kwa macho."

Sijawahi kupewa heshima kubwa kama hiyo katika nyumba ile, kabla wala baada. Nilipiga pasi gauni langu la kitenge. Nilisugua pete kwa majivu.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na madirisha yake yalitazama barabara, kwa hiyo ilibidi kila mtu apaze sauti. Hakimu alikuwa mzee mwembamba aliyeandika kila kitu kwa mkono, polepole, na tulingoja kalamu yake kabla ya kuendelea. Pembeni yake walikaa washauri wa mahakama, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wazee wa mjini. Yule mwanamke alikaa benchi la mbele. Alikuwa amekonda. Alivaa gauni ambalo nililijua, lile la Krismasi ya mwaka uliopita, na hakunitazama.

Shemeji alisema huyu alikuwa mpishi wake, baadaye rafiki. Ilipofika zamu yangu nikaapa kwa Biblia, nikaeleza bila kusita. Nilieleza kwamba kwao hakukupelekwa mbege, wala mbuzi, wala ng'ombe. Nilieleza kwamba hakutangazwa kanisani. Nikaonyesha pete yangu, ingawa hakuna aliyeniomba, nikasema hivi ndivyo mke anavyokuwa. Hakimu aliandika yote. Kisha akaweka kalamu chini, akaniuliza alikuwa akija kwenu lini. Nikasema kila Krismasi, na kwenye misiba.

"Akija, alilala wapi?"

Nikasema alilala chumba cha shemeji.

"Na mama mkwe wako alijua?"

Nikasema ndiye aliyewatandikia.

Akaniuliza kwenye misiba hiyo alifanya kazi gani. Nikasema alipika, na alikaa na wanawake wa ukoo kwenye majamvi, maana msibani huwezi kumfukuza mtu. Hakimu akaandika. Yule mshauri wa kike, mama mnene mwenye kilemba, ndipo akauliza swali ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo.

"Mama, watoto wako wanamwitaje huyu?"

Ningeweza kusema wanamwita shangazi. Ningeweza kusema hawamwiti kitu. Lakini swali liligusa mahali palipokuwa na kidonda cha miaka, na uchungu wote ukatoka pamoja na jibu.

"Wanamwita mama mkubwa," nilisema. "Nimewakataza, nimewachapa, hawasikii. Uru nzima wanamwita mke wa fulani. Mtu hajaolewa, lakini kila anapopita ni shikamoo mama, karibu mama. Mimi mwenye ndoa natembea nyuma yake kama mjakazi."

Shemeji aliinamisha kichwa. Hakimu alichukua kalamu yake, akaandika polepole sana, na nilimwona akirudia neno moja chini kwa chini, mama mkubwa, huku analiandika. Yule mwanamke akageuka, kwa mara ya kwanza, akanitazama. Sikuelewa bado nimefanya nini. Nilidhani nimemshitaki.

Hukumu ilisomwa siku nyingine, na mume wangu ndiye aliyekwenda kuisikiliza. Alirudi na uso wa mtu aliyenyeshewa. Hakimu alikuwa ameeleza kwamba ipo sheria ya ndoa ya tangu mwaka sabini na moja, na sheria hiyo inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na zaidi, na watu wakawa wanawachukulia kuwa ni mume na mke, basi sheria inawadhania kuwa wameoana, mpaka athibitishe anayekataa. Na hapa hakuthibitisha mtu. Shahidi wa mdaiwa mwenyewe ndiye aliyeeleza jinsi ukoo na kijiji walivyomchukulia. Akaongeza kwamba kupika na kutunza nyumba nako ni jasho, achilia mbali pesa ya chakula iliyonunua matofali. Nyumba igawanywe. Shemeji hakutaka iuzwe, kwa hiyo akakubali kumwachia lile banda la vyumba vya nyuma, na mlango wake wa uani, na hati ya mahakama yenye jina lake.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema kwamba amezaa watoto wa kiume wawili na mmoja ameoa mdomo, akaingia ndani. Mume wangu alibaki amesimama mlangoni.

"Kwa nini ulisema mama mkubwa?"

"Kwa sababu ndivyo wanavyomwita."

Hakuniuliza tena, lakini tangu hapo aliniangalia kama mtu anayeangalia mfuko wake akiwa stendi. Akiongea na wanaume juu ya kihamba, nikipita, alinyamaza. Karatasi zake za chama cha msingi, ambazo zilikaa miaka yote juu ya kabati, sikuziona tena. Nilikuwa sijawahi kuzigusa.

Shemeji alioa, na harusi ilikuwa kubwa. Yule mwalimu wa Kibosho, nilisikia, kabla ya kuvaa shela alitaka kwanza kuona nyumba iliyobaki iko kwa jina la nani. Nilipomwona ameketi mezani pale juu na pete mpya, sikumwonea wivu hata kidogo. Wivu wangu wote ulikuwa Pasua, kwenye vyumba vya uani.

Sasa ulikuwa wa namna nyingine. Zamani nilimwonea wivu mkoba, viatu na mdomo wa kusema "tume". Wakati ule nilikuwa na kitu cha kumzidi, na nilikishika kama fimbo. Sasa alikuwa na nyumba kwa jina lake, aliyoipata kwa kuwa mke wa kudhaniwa, na mimi mke wa kweli, wa mbege na padri na cheti, sikuwa na hata mgomba mmoja. Nilikuwa nikipogolea kahawa huku nikiwaza kwamba, ili nipate kama yeye, ingenibidi kwanza nifukuzwe. Kuna siku nilijikuta nautazama mlango wa nyumba nikifikiria kufuli jipya, na nikaona si jambo baya sana. Nilishtuka, nikaenda kanisani katikati ya wiki.

Na hiyo kahawa yenyewe ilikuwa inakufa. Wanunuzi binafsi waliingia, mwaka huu wanapandisha bei, mwaka ujao hawaonekani. Dawa za kupulizia zikawa ghali. Wanaume walianza kung'oa mibuni, na waliozoea kuziita ndizi chakula cha wanawake wakaanza kuuliza mkungu unauzwaje Moshi.

Mwishowe nilishuka Pasua. Nilimwambia mume wangu naenda sokoni, na kweli nilibeba ndizi. Nilimkuta ameketi kwenye mlango wake wa uani, ameweka meza na mabenchi, anawauzia mafundi na madereva mtori na nyama. Aliponiona hakusimama, lakini alivuta kigoda kwa mguu.

"Karibu, mdogo wangu."

Nilikaa. Aliniletea bakuli. Nilimwambia sikuja kula, nikala. Mtori wake ulikuwa mzuri, na hilo nalo liliniudhi, mtu wa Singida kupika mtori kunishinda. Alinishukuru kwa ushahidi wangu. Nikamwambia ukweli, kwamba sikwenda kumsaidia, nilikwenda kumwangusha.

"Najua," alisema. "Niliiona pete yako ilivyosuguliwa."

Alihudumia watu wawili watatu, akarudi. Nikamuuliza anajisikiaje kuwa na chake. Alisema miaka yote aliyokuwa akija Uru, alikuwa akinitazama mimi nikiwa jikoni, naamrisha huku na huku, najua kila kitu kilipo, na akirudi mjini alikosa usingizi kwa wivu. Nilidhani ananidhihaki. Akasema alikuwa akienda nyuma ya nyumba, kwenye makaburi, anaangalia nafasi iliyobaki.

"Wewe una pa kuzikwa. Ukifa leo, hakuna atakayeuliza unapelekwa wapi. Mimi nina vyumba vinne, na sijui nitalazwa wapi."

Sikuwa nimewahi kufikiria kaburi kama mali. Nikamwambia kaburi halipangishwi. Akacheka, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tukiwa wawili. Ndipo nikamweleza yale niliyokuwa nikiwaza kwenye kahawa, kwamba kumbe lazima mtu aachwe ndipo apate.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Nani alikwambia uachwe kwanza? Sheria ile ile. Hakimu alinieleza mwenyewe. Mke anaweza kununua kitu chake, kwa jina lake, na mume akiwa hapo hapo nyumbani anakula ugali. Si lazima agombane na mtu."

"Na kitu hicho kinakuwa cha nani?"

"Chako. Sasa wewe ulidhani cha nani?"

Nilipanda mlima na hilo neno, na nilimchukia kidogo njiani kwa sababu ni yeye aliyeniambia. Mwaka mmoja baada ya mwingine nilikuwa nimeimba kwaya, nimehudhuria mafundisho ya ndoa, nimeketi kwenye mikutano ya akina mama, na hakuna aliyenieleza jambo hilo kwa sentensi moja nikaelewa.

Nilianza na vile vya bibi yangu. Ndizi na maziwa hakuna mwanamume wa rika la mume wangu ambaye angethubutu kusema ni vyake, ingekuwa aibu, ingawa wengine walikuwa wameanza kuvinyemelea. Nikawa nampelekea yule mwanamke ndizi za mtori na maziwa, asubuhi na mapema, naye ananilipa palepale, na jirani yangu mmoja wa Uru akaniwekea fedha kwenye kikundi chetu cha akina mama wa jumuiya. Mama mkwe aliona. Ng'ombe aliitwa wake, lakini hakusema neno. Jioni moja tu alinikuta nakamua, akaniambia nisimalize yote, nimwachie ndama, akaondoka. Nilichukua hiyo kuwa ndiyo baraka.

Ilichukua muda mrefu. Nilipokuwa tayari nilinunua kipande cha shamba kule chini, tambarare, ambako wengi wetu wa mlimani hulima mahindi na maharage. Hakikuwa kikubwa, na ardhi yake ilikuwa na mawe upande mmoja. Sikumwambia yule mwanamke siku ya kununua. Angetaka kuja, angesimama kama shahidi wangu, na baadaye ningesikia mjini kwamba yeye ndiye aliyenifungua macho. Ni kweli, lakini sikutaka isemwe.

Mwenyekiti wa kijiji aliandika mkataba mbele ya muuzaji na majirani wa mipaka. Aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani, mzima, anasalimia. Akaandika, kisha akanisomea, na nikasikia jina la mume wangu kwenye nafasi ya mnunuzi. Alikuwa ameliandika bila kufikiri, kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani. Nilimwomba aandike upya. Akasema si ni kitu kile kile. Nilimwambia kama ni kitu kile kile basi haitamsumbua kuandika langu. Yule muuzaji, mzee mmoja wa Kipare aliyekuwa na haraka ya kuondoka, akasema mwandikie mama jina lake, fedha ametoa yeye. Mwenyekiti akachukua karatasi nyingine.

Mume wangu alisikia habari kwenye kilabu cha mbege, na hiyo ilimuuma kuliko shamba lenyewe. Alirudi mapema, hakuwa amelewa. Alikaa kwenye kiti chake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikasema kweli.

"Unajiandaa kwa siku utakayoniacha."

Nilimwambia kama ningetaka kumwacha ningenunua Marangu, kwetu, nisingenunua mahali anapopaona kwa macho kutoka barazani kwake. Aliuliza ni nani amenifundisha. Sikumtaja. Alijua. Akasema kaka yake alipoteza nusu ya nyumba kwa mwanamke ambaye hakumwoa, je, yeye aliyeoa kwa kila kitu atapoteza nini? Wakati huo nilielewa kwamba naye ana wivu, na kwamba wivu wake umefanana na wangu, wa kuona kitu kinachoota karibu yako na hakikuhitaji.

Hatukugombana. Kulikuwa na ubaridi tu. Kwa misimu kadhaa nilishuka na kupanda peke yangu, nilipanda mahindi na maharage, nikavuna, nikaleta nyumbani, naye akala bila kuuliza yametoka wapi. Akitaja shamba lile kwa watu alisema "kule chini". Mama mkwe alifariki katika miaka hiyo, tukamzika nyuma ya nyumba, na yule mwanamke wa Pasua alikuja, akakaa kwenye jamvi na wanawake wa ukoo. Watoto wangu, wakubwa sasa, walimwamkia mama mkubwa. Sikuwakataza, lakini siwezi kusema kwamba haikuniuma.

Ulikuja mwaka wa mvua mbaya, na kahawa ilikuwa imebaki mashina machache ya kumbukumbu. Asubuhi moja ya Machi nilikuwa kule chini, nimeshaanza kupiga jembe, nikamwona mume wangu anakuja kwenye njia ya mpakani. Amevaa buti zake za mvua na ana jembe begani. Alifika, akasimama nje ya mpaka kabisa, pale penye mti wa mchongoma, akakohoa kama mgeni anayebisha hodi.

"Habari za kazi."

"Nzuri. Karibu."

Akatazama mistari niliyokwisha kulima, akatazama mawe niliyoyakusanya upande mmoja. Alionekana ametafuta neno njiani kote na halijapatikana.

"Nianzie wapi?" akauliza.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeitamani siku hiyo. Lakini aliponyanyua mguu kuingia nilihisi kitu kimenibana kifuani, na nilikitambua mara moja, maana nilikuwa nimeishi nacho miaka mingi. Nilimwonea wivu juu ya udongo ule. Sikutaka jembe lake liguse mahali ambapo langu lilikuwa limepita, sikutaka mtu aje aone mistari na asidhani ni yangu yote. Nilisimama nikimtazama muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mume wako akiwa na jembe begani.

Halafu nikamwonyesha upande wa mawe. Alikwenda, hakulalamika, akainama akaanza. Alilima vizuri, mume wangu ni mkulima mzuri. Mimi niliendelea na upande wangu, na kila nilipofika mwisho wa mstari niligeuka kuangalia amefika wapi.